Maswali ya gereji: tairi limeliwa upande mmoja, nani kalila?

Wiki hii karibu maswali yote yamekuja na jambo moja, alaimenti, yaani kupanga pembe za matairi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Yanayofanana nimeyajibu kwa mkupuo.

Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST, nakaa Ilazo na kazini ni Mtumba. Tairi la mbele kushoto limeisha upande wa ndani hadi waya zinaonekana, lakini upande wa nje kashata (vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga lami) bado zimesimama. Wananiambia niliuziwa feki. Ni kweli?

Nzuri, dada. Feki zipo mjini, sibishi, ila tairi feki huvimba, hupasuka au huisha lote kwa haraka. Linaloliwa ukingo mmoja tu limekaa vibaya chini ya gari, na hata ukifunga jipya la bei ya juu litaliwa hivyo hivyo.

Kuna pembe mbili za kutazama hapo. Ya kwanza mafundi tunaiita kemba: ukisimama mbele ya gari, tairi liko wima au limelala? Likilalia ndani kwa juu, mzigo unauelemea ukingo wa ndani. Ya pili ni too: ukiwa kama unatazama kutoka juu, matairi ya mbele yanatazamana au yanapeana mgongo? Yakipeana mgongo, ukingo wa ndani ndio unaosuguliwa.

Kati ya hizo, too ndiyo mlaji mkubwa. Tairi lililopinda digrii moja tu linaburutwa kwenda kando mita 17 hivi kwa kila kilomita. Sehemu ya kumi ya digrii huwezi kuiona kwa macho, lakini kwa safari ya Dodoma hadi Morogoro, kilomita kama 260, ni zaidi ya mita 400 za kusugua mpira kwenye lami. Na lami ya huku mchana wa Oktoba unaijua.

Tumia mkono kuzitofautisha. Kunja stelingi hadi mwisho, zima gari, kisha pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Hilo la waya usiliguse, utajikata. Jaribu la kulia. Ukienda ndani kukakwaruza kama msumeno na kurudi nje kukawa laini, matairi yanapeana mgongo. Ikiwa kinyume, yanatazamana kupita kiasi, na hapo kinacholiwa huwa ni ukingo wa nje. Kama pande zote mbili ni laini ila tairi limeisha kwa mteremko, shuku kemba.

Sasa sikiliza hili. Kwenye IST, kinachorekebishwa mbele kwa kawaida ni too, kwa kuzungusha tairodi, vile vyuma vinavyounganisha stelingi na matairi. Kemba ikikaa vibaya, mara nyingi kuna kitu kimepinda au kimelegea: shokapu, mkono wa chini unaolishika tairi, boli jointi (kiungo chake cha mviringo), bushi (mipira ya kwenye viungo). Tuta moja lisilo na alama ulilolirukia usiku, au shimo ulilolibamiza, linatosha. Fundi akikwambia ameirekebisha kemba kwa dakika tano, muulize alizungusha nini. Na lile la waya litoe leo, kabla ya alaimenti yenyewe.

Naendesha Hiace, Kibaigwa hadi Dodoma. Nimefanya alaimenti juzi lakini gari bado linavutia kushoto. Fundi anasema ni barabara. Ananidanganya?

Nusu anasema kweli. Barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji yashuke pembeni, na sisi tunaopita kushoto tunaendesha juu ya mteremko wa kushoto. Gari lolote lililo sawa litashuka kidogo ukiliacha. Tafuta eneo tambarare lisilo na magari, ujaribu pale. Likienda moja kwa moja, msamehe fundi wako.

Likiendelea kuvuta, usikimbilie mashine ya alaimenti. Kwanza pima upepo wa matairi yote yakiwa baridi, maana tairi lenye upepo mdogo huvutia upande wake. Kisha badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia (isipokuwa yale yenye mshale wa mwelekeo ubavuni). Mvuto ukihamia kulia, mwenye kosa ni tairi lenyewe, na umeokoa hela ya alaimenti ya pili. Pia baada ya safari sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa: moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki inashika.

Hayo yote yakiwa salama ndipo turudi kwenye pembe. Gari huvutia upande ambao tairi limelalia nje zaidi kwa juu, au upande wenye kasta ndogo (pembe ya tatu, nimeieleza kwenye swali la Land Cruiser). Too peke yake mara nyingi haivuti. Huacha stelingi ikiwa imekaa upande huku gari likienda moja kwa moja. Hilo nalo lisikubalike. Gereji iliyokurudishia gari na stelingi imepinda haijamaliza kazi.

Alaimenti na balansi si kitu kimoja?

Hapana. Balansi ni uzito wa tairi na rimu, vile vipande vya risasi vinavyobandikwa au kugongwa pembeni. Stelingi ikitetemeka ukifika mwendo fulani, tuseme 80 au 100, anza na balansi. Alaimenti ni pembe.

Shikamoo fundi. Niko Kondoa, nina Land Cruiser ya ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi. Niliiinua kwa springi ndefu kwa ajili ya korongo za shambani. Shambani raha, ila kwenye lami ya kwenda Babati stelingi imekuwa nyepesi, gari linatangatanga na nikikata kona hairudi yenyewe. Matairi yanaisha vizuri tu.

Marahaba. Hayo matairi kuisha vizuri ndiyo dalili yenyewe. Umepoteza kasta, na kasta haili matairi, kwa hiyo usingeiona kwa kuyakagua. Ni ule mlalo wa mhimili ambao tairi linazungukia unapokata kona, ukitazamwa ubavuni: sehemu ya juu iko nyuma ya ile ya chini. Mlalo huo ndio unaoirudisha stelingi katikati na kulishikilia gari kwenye mstari ukiwa na mwendo. Ulipoinua bodi, ekseli ilizunguka kidogo na mlalo ukapungua.

Mashine ya alaimenti itakuonyesha kasoro hiyo lakini haitaiondoa, kwa sababu ekseli ya namna hiyo haina nati ya kurekebisha kasta. Dawa ni bushi maalumu za kasta kwenye mikono ya ekseli, au mikono yenyewe iliyotengenezwa kwa gari lililoinuliwa. Kabla ya hapo kagua bushi zilizopo, tairodi na beringi za huko mbele. Zikiwa na mchezo, yaani zimelegea, gari litatangatanga hata kasta ikiwa sahihi. Mpaka urekebishe, punguza mwendo, hasa upepo wa ubavuni ukivuma.

Nifanye alaimenti kila baada ya kilomita ngapi?

Wengi husema 10,000. Mimi nafuata sababu zaidi: umebadilisha tairodi au mkono wa chini, umefunga matairi mapya, umebamiza shimo, stelingi imehama. Ila usipeleke gari lenye boli jointi iliyokufa. Vipimo vitakaa sawa juu ya mashine na kuhama kwenye tuta la kwanza. Na dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Safu zote mbili zikiwa na namba zilezile, hakuna kilichofanyika.