Kiwanja ulichoonyeshwa kiangazi: maswali yenu ya mafuriko na bima ya nyumba

Masika yakikaribia, simu yangu hujaa maswali ya maji. Nimechagua manane. Mengine nimeyafupisha, maana barua zilikuwa ndefu na zenye machungu.

Swali: Nimepata kiwanja Goba, Dar es Salaam, kiko bondeni kidogo, bei yake nusu ya vile vya juu. Dalali anaapa maji hayajawahi kufika. Nitajuaje ukweli?

Jibu: Ndugu yangu, ulionyeshwa mwezi gani? Karibu kila anayeniandikia akilia aliuziwa kiangazi, korongo likiwa vumbi tupu na watoto wanacheza mpira ndani yake. Dalali analipwa ukinunua, kwa hiyo usimuulize yeye. Rudi peke yako siku nyingine, ukae kwa mama muuza chai wa jirani, uulize: mwaka ule wa mvua nyingi, maji yaliishia wapi? Ukiuliza kama yanafika utajibiwa kwa adabu. Ukiuliza yaliishia wapi, aliyeyaona atakunyooshea kidole ukutani.

Kisha tumia macho. Nilimsindikiza mpwa wangu kuangalia nyumba huko Tabata. Sebuleni rangi ilikuwa mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu ya hapo ilikuwa ya zamani, imefifia. Soketi zote zilikuwa zimehamishiwa kifuani isipokuwa moja, nyuma ya kabati. Nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na tope laini lililokauka, kama unga. Bei hatukuuliza. Angalia pia majirani: ukiona vizingiti vya saruji mlangoni na mifuko ya mchanga imepangwa pembeni, wenzako wameshakujibu.

Kuna na sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba eneo ni salama au linaruhusiwa kujengwa. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Swali: Nyumba yangu ina bima kwa sababu ya mkopo wa benki. Mafuriko yakija nitalipwa?

Jibu: Dada, hilo limo kwenye mkataba ulioutia saini na kuuweka kabatini. Utoe leo. Bima nyingi za nyumba hapa kwetu msingi wake ni moto na radi. Mafuriko, tufani na tetemeko huongezwa kama majanga ya ziada, mara nyingi kwa ada yake. Tafuta neno "mafuriko" kwenye orodha ya majanga yanayolindwa. Usipoliona, usijipe moyo kwamba limo mahali pengine.

Ukiliona, endelea kusoma. Bima ya mkopo kwa kawaida inalinda kwanza haki ya benki: fidia inaweza kwenda kupunguza deni huku wewe umesimama kwenye tope na friji imelala ubavu. Mara nyingi inagusa jengo tu, vyombo vya ndani havimo. Halafu kuna kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, mawakala wanakiita ekisesi. Kwenye mafuriko kinaweza kuwa asilimia ya hasara, na wapo wanaokigundua siku ya kulipwa.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: maji yana majina tofauti ndani ya mkataba. Mto uliovunja kingo ni jambo moja, bomba lililopasuka ni jingine, na maji yanayopanda polepole kutoka ardhini, kama wanavyoyajua watu wa Boko Basihaya, ni jingine kabisa na mara nyingi hayalipwi. Tope nalo liulizie. Tarehe 3 Desemba 2023 kule Katesh, wilayani Hanang, kilichofagia nyumba na watu kilikuwa tope, mawe na magogo kutoka mlimani. Muulize wakala kama mkataba wako unayahesabu maporomoko ya namna hiyo, na akujibu kwa maandishi. Jibu la mdomo halitakusaidia mbele ya mtathmini wa hasara.

Swali: Mvua imeanza, TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa tahadhari. Naweza kukata bima leo?

Jibu: Ungekata Januari. Kampuni inaweza kukataa, au ikupe muda wa kungoja ambao mvua haitaungoja. Na bima haianzi mpaka ada ilipwe, ahadi ya mwisho wa mwezi haikulindi. Swali hili naletewa kila Machi na kila Machi najibu hivi hivi. Tafadhali andikeni kwenye kalenda: Januari kwa ajili ya masika, Agosti kwa ajili ya vuli.

Swali: Mimi ni mpangaji. Bima ya mwenye nyumba itanilipia vitu vyangu?

Jibu: Hapana. Kata bima yako mwenyewe ya vyombo vya ndani.

Swali: Mafuriko ya 2011 yalisemwa kuwa hutokea mara moja kwa miongo mingi. Si tumeshayamaliza?

Jibu: Mzee wangu, naomba nikubishie kwa heshima. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walifariki Dar es Salaam, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2014 mji ulifurika tena, Aprili 2018 tena. Mtaalamu akisema "mafuriko ya miaka 100", maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Mwaka huu yakija, mwakani uwezekano ni ule ule. Ukikaa kwenye nyumba hiyo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne. Pale ambapo mafuriko ni ya miaka 10, yaani asilimia 10 kila mwaka, ndani ya miaka 10 tu uwezekano unafika asilimia 65.

Na hesabu hizo zinadhani bonde limebaki kama lilivyokuwa. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unakusanya maji ya mito midogo na kumwaga baharini kwenye Daraja la Selander. Kila kilima kinachovuliwa miti na kusakafiwa kinaharakisha maji, na kila tani ya mchanga inayoshuka inainua sakafu ya mto pale Jangwani. Mvua ile ile, maji yanafika juu zaidi.

Swali: Nyumba yangu kuijenga upya ni milioni 120. Nimeiwekea bima ya milioni 60 nipunguze ada. Hasara ikiwa milioni 20 nitalipwa zote?

Jibu: Hapana, na hili linaumiza watu wengi wasio na kosa zaidi ya kubana matumizi. Umeikinga nusu, basi kampuni inaweza kukulipa nusu ya hasara: milioni 10, kabla ya kuondoa ekisesi. Weka gharama halisi ya kujenga upya kwa bei za leo za saruji na nondo. Thamani ya ardhi usiihesabu, ardhi hailipwi.

Swali: Nilijaza kifusi na kujenga ukuta imara. Kwangu pakavu, ila jirani ananilaumu. Ana haki?

Jibu: Anayo. Maji uliyoyazuia yameingia kwake, penye watoto wake. Nimeona mitaa ambako kila mmoja anapandisha kifusi kuliko mwenzake, na mwisho anayezama ni mjane aliyekosa hela ya lori. Fungueni njia ya maji pamoja, kupitia serikali ya mtaa, kabla hamjafikishana mahakamani.

Swali: Maji yameingia usiku, yameshatoka. Nianze na nini?

Jibu: Pole sana, mama. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na usikanyage maji kuifuata. Kama imezungukwa na maji, waite TANESCO. Kabla ya kupiga deki, piga picha kila chumba na mstari wa maji ukutani, ukiweka futi kamba pembeni ili kimo kionekane. Godoro na zulia vilivyoharibika vitoe nje, usivitupe kabla ya mtathmini kuviona. Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi, maana mikataba ina ukomo wa siku. Maji ya kunywa yachemshe. Dai likikataliwa, omba sababu kwa barua, na barua hiyo uipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.