Njia haimo kwenye ruta ya Linux: tafuta ilipokwama kabla ya kugusa kitu

Umepokea taarifa kwamba tawi halipatikani. Unaingia kwenye ruta, unaandika `ip route`, na mtandao wa tawi haumo. Hapo anayeanza kazi hii huwa na vishawishi viwili: kuanzisha upya FRR (mkusanyiko wa huduma zinazojifunza na kupanga njia za ruta), au kuiandika njia kwa mkono kwa `ip route add` ili watu waendelee na kazi. Vyote viwili vinafuta ushahidi. Kuanzisha upya kunavunja sesheni zote, hata zile nzima, na kama hitilafu ni ya mpangilio itarudi vilevile. Njia ya mkono ina hatari zaidi, kwa kuwa zebra, huduma ya katikati ya FRR, huisoma kama njia ya kerneli yenye umbali 0, yaani kipaumbele cha juu kabisa. Hata BGP (protokali ya kubadilishana njia na ruta jirani) ikipona baadaye haitaweza kuipiku, na utabaki na njia iliyoganda ambayo hakuna anayekumbuka nani aliiweka.

Kwanza uelewe mashine yenyewe. FRR si programu moja. Ilichipuka mwaka 2017 kutoka Quagga, na Quagga ilitokana na Zebra, ndiyo maana huduma ya katikati bado inaitwa `zebra`. Pembeni yake kuna `bgpd` inayozungumza na majirani wa BGP, `ospfd` ya OSPF (protokali ya njia za ndani ya mtandao), `staticd` ya njia za kudumu, na nyingine. Kila huduma ina daftari lake. Ikishachagua njia iliyo bora kwa vigezo vyake, huipeleka kwa zebra. Zebra hulinganisha zilizoletwa na huduma zote, huchagua, kisha huandika iliyochaguliwa kwenye kerneli. Anayesukuma pakiti ni kerneli peke yake. VyOS, mfumo wa ruta uliojengwa juu ya Linux, nayo hutumia FRR kwa ndani, kwa hiyo karibu yote yaliyoandikwa hapa yanaihusu.

Njia moja basi hupita madaftari matatu. Kabla hujabadilisha lolote, uliza yote matatu, kwa mpangilio huu (`vtysh` ni konsoli ya amri za FRR):

```
vtysh -c 'show bgp ipv4 unicast 203.0.113.0/24'
vtysh -c 'show ip route 203.0.113.0/24'
ip route show 203.0.113.0/24
```

Andika mtandao pamoja na kinyago chake, `/24` katika mfano huu. Ukiuliza anwani tupu kama 203.0.113.5, `show ip route` itakupa njia yoyote inayoifunika, pengine njia chaguo-msingi, nawe utadhani umeipata. Kumbuka pia kwamba `ip route` bila nyongeza huonyesha jedwali kuu tu, namba 254. Kama ruta ina VRF (majedwali ya njia yaliyotenganishwa), njia inaweza kuwa salama kabisa kwenye jedwali jingine. `ip route show table all` na `show ip route vrf all` zitakuonyesha.

Majibu ya amri hizo tatu ndiyo ramani yako. Haimo kwenye BGP: tatizo liko kwa jirani, kwenye sesheni au kwenye vichujio. Imo kwenye BGP lakini zebra hana: aghalabu ni kituo kinachofuata (next hop, ruta inayopokezwa pakiti) kisichofikika. Zebra anayo, kerneli haina: angalia alama zilizoelezwa chini. Kerneli inayo lakini tawi bado kimya: hilo si tatizo la njia kukosekana, na tutalifikia mwishoni.

Ikiwa vtysh yenyewe inakujibu kwamba `bgpd is not running`, usiende mbali. Fungua `/etc/frr/daemons`; huko `bgpd=no` ndiyo hali ya kawaida baada ya kusakinisha. Weka `yes`, kisha `systemctl restart frr`. Na kama njia ilikuwepo jana ikatoweka baada ya ruta kuzimika, angalia kama mpangilio ulihifadhiwa: kwenye vtysh ni `write memory`, kwenye VyOS `commit` peke yake haitoshi, lazima `save` ifuate.

BGP: jirani, sera, kituo kinachofuata

Anza na `show bgp summary` na usome safu ya State/PfxRcd kwa makini. Ukiona namba, sesheni imesimama na hiyo ni idadi ya mitandao iliyopokelewa. Ukiona neno `Active`, usifurahi. Neno hilo linamaanisha ruta bado inajaribu kuunganisha na haijafanikiwa. Pima lango la TCP 179 kwa `tcpdump -ni eth0 tcp port 179`. Pakiti zikitoka bila kurudi, angalia faiwoli za pande zote mbili. Pia, kwa eBGP (BGP na jirani wa mtandao mwingine) pakiti huondoka na TTL ya 1, yaani haivuki ruta nyingine, hivyo jirani asiye kwenye waya uleule anahitaji `ebgp-multihop`. Ukiona `Idle (PfxCt)`, jirani amevuka kikomo cha `maximum-prefix` na sesheni imefungwa kwa makusudi. Usipandishe kikomo kabla hujajua kwa nini ametuma mitandao mingi hivyo, maana mara nyingine ni jirani anayekuvujishia jedwali zima la intaneti, ambalo kwa IPv4 lina njia zaidi ya 900,000.

Neno linalowakwamisha wengi ni `(Policy)`. Tangu toleo la 7.4, FRR hufuata RFC 8212: sesheni ya eBGP isiyo na sera ya kuingia haipokei chochote, na isiyo na sera ya kutoka haitumi chochote. Sesheni inasimama vizuri kabisa, ila haina njia hata moja. Mwongozo wa zamani uliokuwa ukifanya kazi kwenye Quagga utakuangusha hapa. Wapo wanaoshauri uzime ulinzi huo kwa `no bgp ebgp-requires-policy`. Kwenye maabara sawa. Kwenye mtandao wa watu andika sera, maana ulinzi huo ndio unaokuzuia kumtangazia mtoa huduma mmoja njia za mwingine:

```
ip prefix-list KUTOKA-ISP seq 10 permit 0.0.0.0/0
ip prefix-list KWENDA-ISP seq 10 permit 198.51.100.0/24
route-map INGIA permit 10
 match ip address prefix-list KUTOKA-ISP
route-map TOKA permit 10
 match ip address prefix-list KWENDA-ISP
```

Tazama mstari wa kwanza tena. `permit 0.0.0.0/0` inaruhusu njia chaguo-msingi pekee. Wengi huisoma kama "ruhusu zote", kisha wanashangaa kuona njia moja tu imeingia. Zote ni `0.0.0.0/0 le 32`. Na mwisho wa kila orodha na kila route-map kuna katazo lisiloandikwa: kisichotajwa kimekataliwa. Jina nalo ni mtego. Ukiandika `route-map INGAI in` kwa jirani, FRR italikubali bila kulalamika, na kwa kuwa route-map ya jina hilo haipo, kila njia itakataliwa. Herufi mbili zikibadilishana nafasi, tawi zima liko gizani.

Ili kujua kama njia imekuja ikakataliwa au haikuja kabisa, washa `neighbor 192.0.2.1 soft-reconfiguration inbound`, kisha linganisha `received-routes` na `routes` za jirani huyo:

```
show bgp ipv4 unicast neighbors 192.0.2.1 received-routes
show bgp ipv4 unicast neighbors 192.0.2.1 routes
```

Iliyo kwenye ya kwanza na haimo kwenye ya pili imekataliwa upande wako, aghalabu na kichujio chako mwenyewe. Isipokuwemo hata kwenye ya kwanza, mpigie simu mwenzako wa upande wa pili, kwani hakuna utakalorekebisha kwako. Kuna hali moja ya kuiangalia kabla ya simu hiyo: matawi mawili yenye namba ya AS (kitambulisho cha mtandao kwenye BGP) ileile yanayokutana kupitia mtoa huduma. Ruta huona namba yake kwenye mlolongo wa AS ilizopita njia hiyo na kuitupa njia ikidhani inazunguka. Hapo kuna `allowas-in`, inayoiambia ruta iikubali. Nguvu hiyo ya kufumba macho itumie kwa jirani anayehusika tu. Umeshahifadhi nakala za njia zote kwenye RAM, kwa hiyo ukimaliza uchunguzi kwa jirani anayetuma jedwali zima, zima `soft-reconfiguration`.

Sasa njia imo kwenye BGP lakini haina alama ya ubora, na maelezo yake yanasema `inaccessible`. Hili ni la iBGP (BGP kati ya ruta za mtandao mmoja) zaidi. Ruta ya mpakani imepokea njia kutoka nje na kuwapa wenzake wa ndani bila kubadilisha kituo kinachofuata, nao hawajui pa kukipata kituo hicho. Dawa iko kwenye ruta ya mpakani: `neighbor ... next-hop-self`. Ushahidi utaupata kwa `show ip nht`, inayoorodhesha kila kituo na njia inayokitatua.

Hapa kuna jambo la FRR linalowashangaza hata wenye uzoefu wa vifaa vingine: kwenye matoleo ya zamani, au mpangilio husika ukiwa umezimwa, zebra hakubali kutatua kituo kinachofuata kwa kutumia njia chaguo-msingi. Unaweza ku-ping kituo hicho kutoka kwenye ruta hiyohiyo, ping inajibu, na bado njia imeandikwa `inactive`. Njia za kudumu nazo hupatwa na haya. Amri ni `ip nht resolve-via-default`, lakini fikiria kwanza: ukiiwasha, kila kituo kitaonekana kinafikika maadamu njia chaguo-msingi ipo, na BGP itachelewa kugundua kilichokufa. Mara nyingi ni heri kuandika njia mahususi ya kufikia kituo hicho.

Upande wa kutangaza una kosa lake maarufu. Umeandika `network 198.51.100.0/24` na jirani anasema hajaiona. BGP haitangazi mtandao ambao haumo kwenye jedwali kwa kinyago kilekile. Ukiwa na /25 mbili, hiyo si /24. Desturi ni kuweka `ip route 198.51.100.0/24 Null0`. Mtandao mkubwa unakuwepo daima, na vile vidogo vilivyo mahususi zaidi vinaendelea kupokea pakiti.

OSPF kwa ufupi

Jirani aliyekwama `ExStart` au `Exchange`: MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) za pande mbili hazilingani. Jirani asiyeonekana kabisa: saa za hello na dead (kwa kawaida 10 na 40), namba ya eneo, au faiwoli inayozuia protokali namba 89. Jirani yuko `Full` lakini njia hazipo: upande mmoja intafesi ni point-to-point na mwingine ni broadcast. Uhusiano husimama, hesabu ya njia hukataa. `show ip ospf interface` kwenye ruta zote mbili itakuonyesha.

Zebra na kerneli

Kwenye `show ip route`, alama `>` ni "imechaguliwa" na `*` ni "imo kwenye kerneli". `B` (njia ya BGP) isiyo na `>` ina maana kuna njia nyingine ya mtandao uleule iliyoshinda. Soma namba ya kwanza kwenye mabano ya mraba: iliyounganishwa moja kwa moja 0, ya kudumu 1, eBGP 20, OSPF 110, iBGP 200, na ndogo hushinda. Mshindi asiyetarajiwa huwa `K`, njia ya kerneli. Intafesi iliyoachwa kwenye DHCP huleta njia chaguo-msingi yake, nayo huonekana kama `K>* 0.0.0.0/0 [0/100]`, na ile ya BGP hukaa chini yake bila kutumika.

Alama `r` ni "kerneli imekataa". Aghalabu kituo kinachofuata hakiko kwenye mtandao uliounganishwa na intafesi hiyo, au route-map ya `set src` imetaja anwani ambayo ruta haina.

Kisha kuna njia zinazoingia vizuri na kutoweka baadaye, mara nyingi usiku wa masasisho. Hapa mshukiwa wa kwanza ni `systemd-networkd`. Kwa kawaida yake hujiona mmiliki wa njia zote, na inapoanzishwa upya au kupanga intafesi upya huondoa zile isizozijua, zikiwemo za FRR. Acha `ip monitor route` ikiandika kwenye faili. Mistari inayoanza na `Deleted` na yenye `proto bgp` au `proto ospf` itakupa dakika kamili ya tukio, na `journalctl -u systemd-networkd` itathibitisha. Kwenye `/etc/systemd/networkd.conf`, chini ya `[Network]`:

```
ManageForeignRoutes=no
ManageForeignRoutingPolicyRules=no
```

Kwa IPv6 kuna jingine: ukiwasha `net.ipv6.conf.all.forwarding=1`, kerneli huacha kupokea njia chaguo-msingi inayotangazwa na ruta ya juu. Iliyokuwepo, kama kerneli yenyewe ndiyo iliyoipokea, nayo huondolewa. Kama kweli unaitegemea, weka `accept_ra=2` kwenye intafesi hiyo.

Njia ipo, pakiti hazifiki

Uliza kerneli yenyewe: `ip route get 203.0.113.5 from 10.0.0.20 iif eth1`. Jibu hili, tofauti na `ip route show`, hupitia pia kanuni za `ip rule`. Hakikisha `net.ipv4.ip_forward` ni 1. Kama pakiti huenda kwa mlango mmoja na kurudi kwa mwingine, angalia `rp_filter`: kerneli hutumia thamani kubwa kati ya `all` na ya intafesi husika, kwa hiyo kuweka 0 kwenye `eth0` pekee hakusaidii kama `all` ni 1. Thamani 2 hulegeza ukaguzi. `nstat -az TcpExtIPReversePathFilter` huhesabu pakiti zilizotupwa kwa sababu hiyo.

Kama tawi liko nyuma ya WireGuard (handaki la VPN), njia ya kerneli ni nusu ya kazi. `AllowedIPs` ya mwenzako nayo lazima iwe na mtandao huo, la sivyo ping itajibu `Required key not available`. Ukiendesha OSPF ndani yake, ongeza 224.0.0.5/32, na kwenye wg-quick weka `Table = off` ili isiandike njia zake kando ya zile za FRR.

Mwisho, washa `tcpdump` kwenye intafesi inayoelekea tawini. Pakiti ikionekana inatoka na jibu halirudi, inayokosekana ni njia ya kurudi. Ingia kwenye ruta ya tawi na uanze na amri zile tatu, safari hii ukiulizia mtandao wako.