Neno "break": uliza kwanza kilichokuwa kizima ni nini

Ndugu yangu wa Kisauni, umeandika kwamba mdogo wako ana mtihani wa Kiingereza, amekesha na kamusi, na neno "break" limemshinda kwa sababu kila akiligeuza lina maana nyingine. Umeuliza kama kuna njia ya kulishika bila kukariri orodha. Mimi ni karani wa tali, mhesabu shehena, bandarini Kilindini, miaka mingi sasa, na neno hilo liliniumiza kabla halijanifaa. Nitakujibu kwa urefu.

Juma langu la kwanza kazini, afisa wa meli alinifuata gatini akaniambia, "We break bulk at two." Kiingereza changu kilikuwa cha darasani: "break" ni vunja, basi. Nikaandika kwenye karatasi ya tali kwamba kuna mzigo umevunjika, nikawaambia makuli wasiguse kitu mpaka ukaguliwe. Shehena yenyewe ilikuwa nondo. Ilipofika saa nane mchana winchi zimesimama, makuli wamekaa kivulini, na mwenye mzigo yuko kwenye simu anataka kujua nondo za chuma zimevunjikaje. Nilipewa onyo la maandishi.

Mzee mmoja wa kazi akaniita kando. Akanieleza kwamba shehena ikishapangwa melini huhesabiwa kitu kizima kimoja. Unapotoa kipande cha kwanza, ule uzima umeondoka. Basi "break bulk" asili yake ni kuanza kupakua, na mpaka leo shehena inayosafiri nje ya makontena, kama vyuma, mbao na magunia, huitwa hivyo hivyo. Kisha akaniambia, "Usiulize nini kimevunjika. Uliza kilichokuwa kizima ni nini." Hilo ndilo jibu langu kwa mdogo wako, mengine yote ni kulifafanua.

Chukua "day breaks". Kilichokuwa kizima ni giza. Sisi tunasema kunakucha, kunapambazuka. Chukua "break" ya shuleni, ile ya saa nne. Kizima ni masomo yanayoendelea, na yakikatwa panabaki pengo, na katika pengo hilo mtoto anapumzika. Maana ya kupumzika imezaliwa hapo, haikutoka mbali. Hata wale vijana wanaocheza kwa kuzunguka na vichwa sakafuni wamelipata jina lao la "breakers" hapo hapo. Mwaka 1973, mtaa wa Bronx kule New York, DJ Kool Herc alianza kurefusha kile kipande cha rekodi ambapo waimbaji hunyamaza ikabaki ngoma. Kipande hicho ndicho "break", na wachezaji walikuwa wakikingojea kije ndipo waingie uwanjani. Mchezo wao ulifika mpaka Olimpiki ya Paris 2024, na jina bado ni lile la pengo.

Mahali pengine Kiswahili na Kiingereza vinakwenda bega kwa bega. "Can you break a thousand?" haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kutumwa kuvunja noti Kongowea. Ahadi huvunjwa huku na kule. Sheria vivyo hivyo.

Hili halinishangazi, kwa sababu "break" ni neno la nyumbani kwa Waingereza, ndugu wa "brechen" ya Kijerumani. "Fracture" limetoka Kilatini, na mpaka leo linakaa zaidi hospitalini na mfupa wake. Maneno ya nyumbani ndiyo yanayobebeshwa mizigo. Mwambie mdogo wako alitazame vunja letu. Tunavunja mkutano, tunavunja uchumba, mcheshi anatuvunja mbavu, msichana anavunja ungo. Shaabani ikiisha tunavunja jungu, tunakula tukashiba tukiisubiri Ramadhani, na hakuna chungu kinachopasuka. Nani alitufundisha hayo kwa orodha? Tuliyakuta vinywani mwa watu, kila moja na shughuli yake.

Sasa mitego, na hapa ndipo alama zinapopotea. Kunivunja moyo kwetu ni kunikatisha tamaa. Mwalimu anaweza kunivunja moyo kwa neno moja kuhusu insha yangu. Lakini "she broke my heart" ni majonzi, aghalabu ya mapenzi. Ukimwandikia Mwingereza kwamba mwalimu wako "broke my heart", atakuonea huruma kwa jambo jingine kabisa. Letu hilo kwao ni "discourage". Na "break a leg" ndiyo dua wanayompa mwigizaji anapopanda jukwaani. Sisi tuliolelewa na asiyesikia la mkuu huvunjika guu tunaisikia kama laana.

Mtego ninaoukumbuka zaidi ulitokea nyumbani kwetu Majengo. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, kijana kutoka Uingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili kwa bidii, alialikwa futari. Alimkuta bi mkubwa wangu amechuchumaa mbele ya karai, anachota donge la kaimati kwa vidole na kulitupa kwenye mafuta. Akamsalimia vizuri, kisha akauliza, "Mama, utavunja saumu saa ngapi?" Mkono wa mama ukasimama hewani, unga unadondoka. "Mwanangu, mimi nivunje saumu kwa lipi? Si mgonjwa, wala si msafiri." Kijana hakujua amekosea wapi. Kichwani alikuwa na "break the fast", na kwao ni jambo jema, lile lile lililozaa "breakfast", neno walilo nalo tangu karne ya 15.

Niliwaza sana jambo hilo. "Fast" yao asili yake ni kushika imara, na kilichoshikwa imara huvunjwa. Saumu yetu imefungwa, na kilichofungwa hufunguliwa. Ndiyo maana adhana ya magharibi ikilia tunafungua, na chai ya asubuhi ni kifungua kinywa. Anayevunja mlango ni mwizi, mwenye nyumba ana ufunguo. Nilimweleza kijana hivyo, mama akacheka, akamjazia sahani.

Kuna kundi moja ambalo swali la mzee halilitoshi, nalo ni "break" inapofuatwa na "down", "in", "out" au "up". Haya ayaokote kwa matukio, sentensi nzima nzima. Gari likiharibika, "it broke down", na "breakdown" ni kule kuharibika kwenyewe. Sisi hapa tunaposema "ita breakdown" tunamaanisha gari la kuvuta, kwa hivyo aangalie asije akaliandika hivyo kwenye mtihani. Wezi "break in", wafungwa "break out" wakitoroka, maradhi "break out" yakizuka, wapenzi "break up" wakiachana. Na viatu vipya navyo "break in", yaani unavivaa mpaka vizoee mguu.

Mwambie aandike sentensi tano za maisha yake mwenyewe, si za kitabu, uziweke hapa. Ijumaa nikitoka zamu nitazipitia moja moja.