Kwa anayeanza ukocha wa jimnastiki ya wasichana vyuoni Marekani

Kabla ya kupaza sauti, jifunze kuhesabu. Vifaa ni vinne: kuruka juu ya meza, pau, boriti nyembamba ya kusimamia, na zulia la sakafuni. Kila kifaa wanapanda wachezaji sita, alama tano bora ndizo zinazoingia, na ya juu kabisa ni 10. Yaani una ruhusa ya kosa moja kwa kila kifaa, basi. Chukua boriti: 9.800, 9.825, 9.850, 9.200, 9.875, 9.900. Mwenye 9.200 kadondoka, unamwacha nje, timu inapata 49.250. Sasa huyu wa 9.850 naye adondoke, apewe 9.225. Huyo huwezi kumficha. Jumla inashuka hadi 48.625, na siku imeshaharibika. Mwaka 2018 chuo kikuu cha UCLA walichukua ubingwa kwa jumla ya vifaa vyote vinne ya 198.0750 dhidi ya 198.0375 za Oklahoma. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko kahatua kamoja ka kuyumba wakati wa kutua.

Ndiyo maana kupanga wale sita ni nusu ya kazi. Anayefungua asiwe nyota wako. Awe yule ambaye mazoezini anakamilisha mara tisa kwa kumi, hata kama alama yake ya juu kabisa ni 9.800. Wa mwisho awe mwenye alama kubwa na asiyehangaika na ubao wa matokeo. Nafasi inayosahaulika ni ya anayepanda mara tu baada ya mwenzake kudondoka. Mtafute mazoezini: mwambie mmoja ashuke makusudi katikati ya zoezi, umwite anayefuata papo hapo, uangalie miguu yake. Wengine hutetemeka kuanzia magotini.

Kwenye kuruka, makocha wapya hukazania kutua wakati kosa limetokea mezani. Mfano ni mruko wa Yurchenko (mchezaji huingia mezani kinyumenyume) wenye msokoto mmoja kamili wa mwili, ambao mchezaji hutua akiitazama meza. Akisogea mbele huku kifua kimeinama, kupinduka hewani hakukukamilika, na mara nyingi mikono ndiyo iliyokaa mezani muda mrefu badala ya kusukuma na kuachia. Akirudi nyuma, kazungusha kupita kiasi au kachelewa kuufungua mwili. Kumwambia "simama imara" hakumsaidii chochote. Rekodi kwa simu ukiwa ubavuni, usawa wa meza, halafu hesabu picha za video ambazo mikono bado imegusa meza. Na usijidanganye kwamba timu kubwa imesalimika: Oklahoma, waliopewa nafasi kubwa mwaka 2024, walivuruga miruko kadhaa katika nusu fainali na fainali wakaitazama tu. Mwaka uliofuata wakarudi kuchukua kombe.

Sheria inakupa saa 20 kwa wiki, zisizidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Zinatosha. Binti wa miaka 18 anafika kwako na miaka kumi au zaidi ya kutua juu ya vifundo vyake. Mwili wake hauhitaji wingi. Septemba na Oktoba fanyeni vipande kwenye shimo la sponji na magodoro laini, Novemba nusu zoezi, Desemba zoezi zima. Ukiwahisha mazoezi mazima Oktoba, mifupa ya miguu hupata nyufa na Januari, mashindano yakianza, unabaki na wachezaji wanne wa zulia.

Kuhusu kombe, tulia. Kocha Sarah Patterson aliingia chuo kikuu cha Alabama 1978, ubingwa wa kwanza 1988. Valorie Kondos Field alikabidhiwa UCLA 1991, akasubiri hadi 1997, na hakuwa mcheza jimnastiki bali mcheza baleti. Kama ulicho nacho ni jicho la densi, omba kazi ya kutunga mazoezi ya zulia na boriti. Milango mingi hufunguka hapo.

Jambo moja la ratiba. Katika pambano la timu mbili, mwenyeji huanza na kuruka na kumalizia zulia. Mgeni huanza na pau, kisha kuruka, zulia, na kumalizia boriti, yaani sentimita 10 za upana mbele ya umati usio wake. Alama za ugenini huingia kwenye wastani unaowapanga kitaifa, kwa hiyo huwezi kuzikwepa. Kuanzia Desemba, siku moja kila wiki malizieni mazoezi na boriti, wachezaji wakiwa wamechoka, muziki umefunguliwa hadi mwisho na timu ya mchezo mwingine imealikwa kuja kuzomea.