Barua za Wapiga Vinanda: Usikubali Kufomati

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia mahali pamoja: vinanda vya sampuli vya zamani, vile vizito vinavyorekodi sauti yoyote, vikaitandaza kwenye vitufe, na vikatunga wimbo mzima bila msaada wa kompyuta. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Changu ni Ensoniq ASR-10, modeli iliyotoka mwaka 1992. Nimeishi nacho tangu 1996, na nilikinunua kikiwa kimeshapita mikono miwili.

Shikamoo mama. Mjomba ameniachia kinanda cha EPS na boksi la disketi. Nikiweka disketi kwenye kompyuta, inasema haijafomatiwa na kuniuliza kama niifomati. Nikubali?

Marahaba, mwanangu. Usikubali. Kama umeshakubali kwa disketi moja, ishia hapo, usiiguse ya pili.

Disketi za mjomba wako huenda ni nzima kabisa. Kompyuta haizielewi tu, kwa sababu zimegawanywa kwa namna nyingine. Disketi ina pande mbili, kila upande una njia 80 za duara, na kila njia imekatwa vipande vya baiti 512. Kompyuta za kawaida hukata vipande 9 kwa kila njia na kupata kilobaiti 720. Ensoniq, kampuni iliyotengeneza EPS yako na ASR-10 yangu, walikata 10, wakapata 800. Kwenye ASR-10, inayotumia pia disketi zile zenye matundu mawili, ni vipande 20 badala ya 18, yaani kilobaiti 1,600 dhidi ya 1,440. Kompyuta ikikuta hesabu isiyoijua huichukulia disketi kuwa tupu. Ukibonyeza ndiyo, inaikata upya juu ya sauti za mjomba wako, na kilichofutwa hivyo hakirudi.

Nasema kwa ukali kwa sababu ninayo disketi namba 14. Mwaka 1998 mdogo wangu alisimama mbele ya maikrofoni sebuleni kwangu akaimba "aaa" kwa noti ya sol, sekunde nne, halafu akacheka. Kicheko sikukikata. Alifariki miaka mitatu baadaye. Sauti ile haikuwa kwenye kaseti wala mahali pengine popote; ilikuwa kwenye kipande kimoja cha plastiki chenye lebo niliyoiandika kwa kalamu ya wino. Siku moja mpwa wangu alikiingiza kwenye kompyuta, akaulizwa swali lile lile uliloulizwa wewe. Aliniita kwanza kabla ya kujibu. Mpaka leo namshukuru.

Sasa fanya hivi. Chukua kila disketi, kisukume kile kipande kidogo cha plastiki kinachoteleza kwenye kona mpaka tundu libaki wazi. Hapo hakuna mashine itakayoweza kuandika juu yake. Kisha vuta taratibu kile kifuniko cha bati na uangalie utando wa ndani kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, huo ni ukungu. Disketi hiyo iweke kando, kwa sababu itachafua kichwa cha kusomea na kichwa kichafu kitakwaruza disketi inayofuata. Nimepoteza tatu kwa njia hiyo kabla sijaelewa kilichokuwa kikitokea.

Zilizo safi zisome kwenye kinanda chenyewe. Zikikubali, zinakili siku hiyo hiyo. Draivu ya disketi ya kuchomeka kwa USB haitakusaidia, kwani imetengenezwa kusoma ule mgawanyo wa kawaida tu. Kinachosaidia ni kifaa kiitwacho Greaseweazle: unakiunganisha na draivu ya kizamani iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani, nacho husoma mabadiliko ya sumaku yenyewe bila kujali vipande ni 9 au 10. Unapata faili moja kwa kila disketi. Faili hizo zirudufu mahali pawili, na nakala moja isikae nyumba moja na kinanda.

Baada ya hapo ndipo ufikirie kuweka Gotek, kisanduku kinachokaa mahali pa draivu na kusoma faili hizo kutoka kwenye flashi. Kikiwekewa programu ya FlashFloppy kinaielewa mipangilio ya Ensoniq vizuri. Ila draivu ya asili usiitupe.

Nilitunga wimbo usiku kucha, nikahifadhi benki, nikazima. Asubuhi nimefungua benki, ngoma zipo lakini besi niliyoirekodi haipo. Kinanda changu cha ASR-10 kimeharibika?

Hapana, kaka, na pole sana. Jina "benki" limewapotosha watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao. Benki ni orodha tu. Inaandika kwamba chombo cha kwanza, yaani sauti ya kwanza iliyopangwa kwenye vitufe, kipo kwenye disketi fulani, cha pili kipo pale, wimbo uko pale, basi. Sauti zenyewe haizibebi. Ngoma zako zilitoka kwenye disketi, kwa hiyo benki ilijua pa kuzifuata. Besi ulikuwa umeirekodi usiku huo huo, haijawahi kuwa na makazi yoyote nje ya kumbukumbu ya kinanda, na kumbukumbu ile hufutika mara tu umeme unapokatika.

Mpangilio wangu haujabadilika kwa miaka mingi: kwanza nahifadhi kila chombo kipya, kimoja kimoja, pili wimbo pamoja na sekwensi zake, yaani mfuatano wa noti nilizopiga, benki huja mwisho. Halafu nazima, nawasha, nafungua benki na kusikiliza mpaka mwisho kabla sijaamini. Jambo hilo huchukua dakika chache, na ni dakika ninazozilinda hata nikiwa nasinzia.

Na usingoje wimbo ukamilike. Rekodi, hifadhi, ndipo uendelee. Vinanda hivi vina sifa moja kubwa: vinaweza kupakia sauti mpya huku unaendelea kupiga ile iliyokwisha kuingia, hivyo kazi ya disketi haikulazimu kusimama kama unavyodhani.

ASR-10 yangu ina kumbukumbu ya megabaiti 2 tu. Watu walitengenezaje muziki kwa nafasi hii?

Kwa kuchagua. Tupige hesabu pamoja. Sampuli moja, yaani kipimo kimoja cha sauti, ya biti 16 ni baiti 2. Kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, sauti ya upande mmoja inakula baiti 88,200 kila sekunde. Megabaiti 2 zinakupa sekunde 23 na kidogo. Ukirekodi stereo, nusu yake. Ukishuka kwenye ile kasi ya pili, inayokaribia 30,000, unafika kama sekunde 35, na zaidi ya hapo kinanda kinaweza kutoa sauti 31 kwa pamoja badala ya 23. Mimi hufanya kazi zangu nyingi kwenye kasi ya chini. Unachopoteza ni mng'ao wa juu kabisa, kuanzia kama hezi 15,000, na besi au sauti ya kiume haina cha kupoteza huko.

Sauti inayoendelea, kama filimbi au zeze, usiirekodi ndefu. Chukua sekunde moja nzuri, tafuta sehemu iliyotulia, iwekee kitanzi, yaani ijirudie yenyewe. Kutafuta kitanzi kisichokwaruza ni kazi ya subira, na naipenda kuliko karibu kazi zote za kinanda hiki. Unasogeza mwisho wake hatua moja, unasikiliza, unasogeza tena, hadi sauti inaacha kugonga na kuanza kupumua.

Ukichukua kipande kutoka kwenye sahani ya santuri ya mizunguko 33, icheze kwa 45 wakati wa kurekodi, kisha ishushe ndani ya kinanda kwa nusutoni (hatua kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani) tano na kidogo. Umeokoa zaidi ya robo ya nafasi. Sauti inarudi ikiwa na uzito na ukungu kidogo juu yake, na uzito huo uko kwenye rekodi nyingi za hip hop za miaka ya 1990.

Kumbukumbu unaweza kuiongeza hadi megabaiti 16 kwa kadi za kumbukumbu za kizamani ziitwazo SIMM, zile za pini 30. Inafaa. Lakini kumbuka megabaiti 16 zikijaa zinahitaji disketi 11 kuzihifadhi, kwa hiyo hapo utahitaji diski ya nje kupitia mlango wa SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha diski, au kimoja cha vifaa vipya vinavyoigiza diski hiyo kwa kadi ndogo.

Mama, simu yangu inafanya haya yote. Kwa nini nibebe mzigo?

Kama simu inakutosha, piga muziki kwa simu, nami nitakusikiliza kwa furaha. Ninachokipata mimi kwenye ASR-10 kiko chini ya vidole. Vitufe vyake 61 vinapima mgandamizo wa kila kidole peke yake. Nikishika noti tatu kwa pamoja kwa ile sauti ya mdogo wangu na kukandamiza kidole cha katikati, ni sauti hiyo moja inayotetemeka. Mbili za pembeni zinabaki zimetulia. Vinanda vingi vya leo, hata vya bei kubwa, hupima mgandamizo wa mkono mzima kwa pamoja. Nikiipiga chini anakuwa mwanamume, nikiipiga juu anakuwa mtoto, na katikati, kwenye vitufe vichache tu kuzunguka ile sol, ni yeye.

Nimepata Mirage, EPS-16 Plus na ASR-10, vyote vimetumika. Nichukue kipi, na nikague nini?

Mirage ya 1984 ni kipande cha historia, biti 8 na kioo cha tarakimu mbili tu. Ichukue ukiipenda sauti yake yenye mchanga, si kwa kutaka wepesi. EPS-16 Plus ya 1990 ni chombo kizuri sana na inaweza kurekodi upya sauti zake ikiwa imeshapitishwa kwenye efekti. Ukiweza ASR-10, chukua hiyo.

Nenda na hedifoni na disketi yenye mfumo endeshi, maana bila huo kinanda hakiamki. Kinapoamka kinapima vitufe vyake na kukuonya usiviguse: tii, la sivyo utasikia kasoro uliyoileta mwenyewe. Baada ya hapo piga kila kitufe kwa nguvu tofauti. Kimoja kinachopiga kelele kuliko jirani zake ni dalili mbaya. Kioo kikiwa hafifu, jua hakitapona. Kiache kiwake saa nzima, kwa sababu vifaa vya umeme vilivyochoka huanza kulalamika vikipata joto. Rekodi sauti yako mwenyewe, ihifadhi, zima, ipakie tena. Usikinunue ambacho hakijapita hapo.

Kampuni ya Ensoniq ilinunuliwa na Creative Technology mwaka 1998, hivyo vipuri vingi hutoka kwenye vinanda vilivyokufa. Muuzaji akiwa na kibovu cha pembeni, kichukue pia. Na mwombe disketi zote alizonazo, hata zisizo na lebo, na mwambie asizijaribu kwenye kompyuta kabla hujafika.