Uliza Fundi wa Gemu: "Anataka nimlipe pembeni"

Wiki hii barua ni tatu tu, na ya kwanza imekula nafasi karibu yote, mtanivumilia.

SWALI: Kaka salamu kutoka Busia. Nimeona kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, mtu wa Uingereza anauza gemu nne za PS4 (PlayStation 4) kwa mnada, bei saa hii iko pauni 9 na unaisha Jumapili usiku. Nilimuuliza kama anatuma Uganda akasema hapana, lakini nikimlipa pembeni pauni 15 leo leo atafuta tangazo na kumtumia dada yangu aliyeko London, dada anipe kwa mtu anayekuja. Nilipe? Na nitajuaje diski ni nzima?

JIBU: Usilipe, mdogo wangu. Mimi sisemi huyo ni mwizi, inawezekana ni mtu mzuri tu kachoka kusubiri Jumapili, lakini akishafuta lile tangazo nyinyi wawili hamjuani tena, hamna namba ya oda, hamna pa kwenda kulia. eBay wana ulinzi wa kurudishiwa hela, mzigo usipofika au ukifika kitu kingine una siku 30 za kudai, ila ni kwa yule aliyelipa humo humo ndani. Na akikwambia tumia PayPal, ile njia ya kulipa mtandaoni, lakini utume kama unamtumia rafiki ili kukwepa makato, pia kataa, hela ya rafiki PayPal hawailindi. Kwani wewe na yeye mmekuwa marafiki lini?

Sasa kuna jambo watu wetu wengi hawalijui na ndo linatuumiza sisi wa huku kuliko wote. Ule ulinzi unaishia kwenye mlango wa kwanza. Mzigo ukifika kwa dada London, au kwa ajenti wa mizigo, afu ukatumwa tena kuja Uganda, eBay wanahesabu umeshafika, ukija kuufungulia Busia ukakuta matatizo hayo ni yako na ajenti wako. Mimi lilinikuta. Nilipitishia kwa ajenti mmoja, ikakaa karibu wiki saba, nakwenda kufungua Kampala nakuta kasha ni la gemu ya mpira mpya na ndani kuna diski ya mpira wa miaka minne nyuma yake, muuzaji nikimwandikia ananijibu kwa adabu kabisa kwamba muda umepita. Na muda kweli ulikuwa umepita!

Kwa hiyo kazi ya dada si kupokea tu. Mwambie siku ile ile afungue kila kasha, atoe diski, aigeuze chini ya taa na akupigie video. Kama kuna mtu mwenye PS4 karibu naye, hata mtoto wa jirani, azitie moja moja mpaka gemu ifunguke kabisa, asiishie kwenye picha ya mwanzo. Ikigoma analalamika akiwa bado yuko ndani ya zile siku.

Kuhusu mikwaruzo, angalia inavyokwenda. Inayotoka katikati kwenda ukingoni mara nyingi haina neno, inayozunguka kufuata duara ndo mbaya. Na diski ya PS4 ni Blu-ray, data yake iko karibu sana na uso, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, wakati CD ya zamani ina milimita moja na zaidi ya plastiki juu ya data. Ndo maana yule fundi anayesugua CD kwa dawa ya meno ikapona, ukimpelekea ya PS4 anaimaliza. Muuzaji akiandika diski imepigwa polishi na ni ya PS4, mimi napita.

Soma tangazo lote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kuna watu wanauza kasha tupu, wameandika kabisa "case only", na picha ni ya kasha zuri linang'aa, watu wanapandishiana bei kama wehu afu wanapokea plastiki. Na neno "untested", yaani haijajaribiwa, kwangu mimi maana yake kajaribu ikakataa. Picha ya diski yenyewe hamna? Muombe aipige ikiwa juu ya karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo, mwenye mali hawezi kushindwa. Halafu fungua sifa alizoandikiwa na watu humo eBay uone alizipata kwa kitu gani, maana mtu anaweza kuwa na sifa mia zote nzuri kumbe alikuwa ananunua stika za senti hamsini, hajawahi kuuza hata padi moja ya kuchezea gemu.

Haya, mnada wenyewe. Usikae unapandisha kidogo kidogo tangu leo, unawaamsha waliolala. Kaa chini upige hesabu gemu nne zina thamani gani kwako pamoja na posta ya kwenda kwa dada, tuseme pauni 14, basi dakika ya mwisho mwisho andika 14 mara moja na usiguse tena. Mtambo unakupandishia wenyewe kiasi cha kumpita mwenzako tu, kama wa pili ameishia 10 wewe hulipi 14, unalipa 10 na kidogo. Ukipitwa, lala. PS4 zimeanza kuuzwa 2013, diski zake hazitaisha Jumapili hii. Ila angalia saa, ikiwa mnada unaisha saa 3 usiku yao, huku ni saa 5 au saa 6 kutegemea wako kwenye majira gani, nilishakosa moja hivyo hivyo nimekaa na simu mkononi.

Jambo zuri ni kwamba diski za PS4 hazina mipaka ya nchi, ya Uingereza itacheza Busia bila shida. Vile vya kununua mtandaoni kuongezea kwenye gemu ndo vinataka akaunti ya ukanda ule ule.

SWALI: Mimi ni mama, niko Bombo. Kijana wangu ameona mashine ya gemu ya Xbox 360 Marekani dola 40 na gemu kumi. Mbona rahisi hivyo?

JIBU: Mama, ni rahisi kwa sababu ni ya zamani, si lazima iwe wizi. Ila lile tofali lake la umeme, kile kisanduku kilicho kwenye waya wake, la Marekani limeandikwa voliti 100 mpaka 127, na umeme wetu ni 240, kijana akibadilisha plagi tu achomeke ukutani utasikia paa na harufu. Muombe muuzaji picha ya nyuma ya tofali. PS4 haina tabu hiyo, inakula 100 mpaka 240. Tena gemu nyingi za 360 zina mipaka ya ukanda, mashine ya Marekani inaweza kukataa diski atakazopewa na wenzake hapa, na duka la mtandaoni la 360 lilifungwa Julai 2024 kwa hiyo hawezi kununua gemu mpya humo. Ongeza usafiri, na VAT ya asilimia 18 ambayo inapigwa juu ya bei na usafiri na ushuru vyote pamoja, hizo dola 40 hutazikumbuka tena. Atafute iliyotumika hapa hapa Kampala, muende wote, iwashwe mbele yenu icheze nusu saa ndo utoe hela. Anayesema tuma nusu kwa mobile money nikuwekee, mama, hao ndo bafere, matapeli wenyewe.

SWALI: Gemu ya Pokémon Emerald ya Game Boy Advance, ile mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, mpya kabisa haijafunguliwa, dola 12. Nichukue? Mwanafunzi, Mbarara.

JIBU: Feki. Ya kweli ya mwaka 2005 ikiwa haijafunguliwa haiwezi kuwa bei hiyo, hata iliyotumika bila kasha inaizidi. Ukitaka iliyotumika, kartriji, kile kipande chenye gemu unachochomeka, iwe kijani ya kuonyesha ndani, uinamishe lebo kwenye mwanga uone tarakimu mbili zimegandamizwa kwa kubonyea bila wino, na ukichungulia kwenye meno ya dhahabu uone neno Nintendo kwenye bodi. Halafu muulize muuzaji kama inasevu, yaani inahifadhi pale ulipofikia. Akijibu "inawaka vizuri", hujajibiwa.