Nilimpeleka mama kwenye mgahawa wa Kiitaliano wa hotelini hapa Dodoma, haya ndo niliyoyaona

Mkuu mleta uzi, umesema wazee wako wanakuja kutoka Mpwapwa, wanatimiza miaka 40 ya ndoa, unataka uwapeleke wakale kwenye mgahawa wa Kiitaliano ulio ndani ya hoteli kubwa, ila unaogopa watajiona wageni, hujui wavae nini, wale nini, na bili itakuja shilingi ngapi. Naona wengi humu wamekwambia achana na hayo wapeleke nyama choma. Mi nakwambia wapeleke. Mwaka jana mwezi wa saba nilimpeleka mama yangu mzazi, mama wa Mvumi kabisa, ana miaka sabini na kitu, mtu wa ugali wa uwele na mlenda, na mpaka leo wakija wageni nyumbani anaisimulia ile siku. Ila kuna mambo nilikosea, na mengine ningeyajua mapema mama asingepata shida aliyoipata pale mwanzoni, kwa hiyo acha nikuandikie yote hata kama ni marefu.

Jina la hoteli sitaji maana kuna sehemu nitalalamika na sitaki kumharibia mtu kazi.

Shida ilianzia getini. Tulikuwa wanne, mimi, mke wangu, mdogo wangu na mama, tukaja na bajaji mbili, mlinzi akasema bajaji haziingii ndani, shukeni hapa hapa. Sasa kutoka geti mpaka mlangoni ni bustani nzima mkuu, na mama magoti yanamsumbua, akatembea taratibu saa saba ya mchana na kitenge chake kipya na lemba lake, magari yanampita tu. Iliniuma sana, nilikuwa nimemwambia leo ni siku yako mama, alafu inaanza hivo. Mlinzi simlaumu, anafuata alichoambiwa, nalaumu utaratibu wenyewe. Wewe piga simu siku moja kabla, sema unakuja na wazee, uliza usafiri gani unaingia mpaka mlangoni. Wakikuzungusha chukua teksi, hiyo hela usiionee uchungu.

Alafu pale mlangoni kuna ile mashine ya ukaguzi, mama akaona mkoba wake unamezwa na mashine akashtuka, akaushika. Kitu kidogo ila waambie wazee mapema kwamba mkoba utapita utatokea upande wa pili. Na ile sehemu ya mapokezi ndo inayotisha watu, marumaru inang'aa mpaka unajiona, taa ya vioo imening'inia juu kubwa kama mwavuli, viti ambavyo hujui kama ni vya kukalia au vya kuangalia. Mama alishika mkono wangu hapo. Usisimame hapo mkuu, usianze kupiga picha hapo, pita nao moja kwa moja mpaka mezani, picha mtapiga wakati wa kutoka wakiwa wameshiba na wamezoea.

Kwa sababu mgahawa wenyewe haufanani na ile sehemu ya mbele kabisa. Hapa ndo wengi wanachanganya. Waitaliano wana majina tofauti ya sehemu za kula, kuna ristorante ambayo ndo ya heshima zake, na kuna trattoria, ambayo kwao ni sehemu ya kifamilia, chakula cha nyumbani, meza za kawaida, watu wanaongea kwa sauti na watoto wapo. Hoteli nyingi kubwa zikiweka mgahawa wa Kiitaliano zinafuata huo mtindo wa trattoria, hata kama jengo ni la kifahari. Ule wetu ulikuwa na meza za mbao, jiko liko wazi unawaona wapishi, oveni ya kuni pembeni. Kwa hiyo mavazi usihangaike, hakuna anayemdai mzee wako tai. Nguo za kanisani zinatosha na zinazidi, ndala tu ndo waache nyumbani.

Sasa mhudumu. Huyu ndo anabeba siku yako yote, nakwambia ukweli. Kijana wa kwanza alikuja akatuanza na Kiingereza, akaweka menyu ya Kiitaliano na Kiingereza mbele ya mama, akaanza kutaja vyakula vya siku kwa spidi. Mama akanyamaza, akawa anakunja tu kile kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja. Nikamwambia kijana samahani mdogo wangu, mama anaongea Kiswahili, akasema sawa lakini akaendelea hivohivo nusu kwa nusu. Nikaona hapana. Nikaenda kwa msimamizi, kwa upole tu, nikamuomba atupe mtu mwingine, akaja dada mmoja wa makamo, amefika mezani akapiga goti kidogo akasema "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo. Aisee. Mama aliitikia kwa sauti mpaka meza ya jirani wakageuka, wakaanza kuulizana wa wapi, wa Kongwa, wa ukoo gani, na kuanzia hapo mama ndo akawa mwenyeji wetu pale mezani. Kwa hiyo unapopiga simu ya kuweka nafasi omba mhudumu atakayewasemesha wazee Kiswahili, au Kigogo akiwepo. Usione aibu kuomba, wewe ndo unalipa.

Kwenye kuagiza, menyu ya Kiitaliano imepangwa kwa hatua na ukiona ile orodha unaweza kudhani lazima ule zote. Antipasti ni vya kufungulia mdomo, primi ni tambi na wali wao wa risotto na supu, secondi ni nyama na samaki, contorni ni mboga za pembeni, dolci ni vitamu vya mwisho. Si lazima upite kote. Sisi tulifanya kama nyumbani, tukaagiza vitu vichache vikawekwa katikati, kila mtu akaletewa sahani yake tupu, tukawa tunachota. Yule dada alituambia wateja Waitaliano wenyewe wakija na familia wanafanya hivo. Ukimuagizia kila mzee sahani yake, akiletewa asichokipenda atakaa na njaa akitabasamu asikuudhi, na wazee wetu unawajua.

Tulianza na bruschetta, mkate uliochomwa ukapakwa kitunguu saumu na nyanya juu na mafuta ya zeituni. Ikaisha haraka. Pizza tukachukua margherita, nyanya na jibini ya mozzarella na majani ya mrehani basi, mama akanusa jani akasema hii si kivumbasi? Na kweli kivumbasi na huo mrehani ni ndugu. Akauliza pia mbona pembeni imeungua, ikabidi dada amuelezee kwamba pizza ya mtindo wa Napoli inaingia kwenye oveni yenye moto wa karibu nyuzi 480 na inatoka ndani ya dakika moja na nusu hivi, kwa hiyo yale madoa meusi ni kawaida yake. Akaikunja akala kwa mkono. Na hapo kwenye mkono nikukumbushe, hawaleti maji ya kunawa mezani, waonyeshe wazee sinki lilipo kabla hamjakaa, mama alisubiri maji mpaka nilipogundua.

Lakini kilichobadilisha siku ni polenta. Niliiona kwenye menyu, polenta na uyoga, nikauliza, dada akasema mama hii ni ugali. Mama akasema usinitanie. Ikaletwa, unga wa mahindi umepikwa, ukaachwa upoe ukashika, ukakatwa vipande vya mraba vikachomwa kwenye chuma mpaka vina mistari, juu uyoga na jibini. Mama akakata kidogo, akala, akaweka uma chini akasema, "Baba, hiki ni kiporo." Akacheka mpaka machozi. Maana kiporo cha ugali kilichochomwa kwenye makaa asubuhi ndo alichotulea nacho, anakijua kuliko mpishi yeyote wa mle ndani. Mpishi alikuwa anachungulia pale jikoni, akaja mezani, mama akamuuliza unga wenu mnakoboa au dona? Wakaongea kama robo saa. Mpishi akamwambia huko Italia ya kaskazini maskini walikula polenta karibu kila siku, na kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika walikuwa wanaisonga kwa nafaka nyingine, ngano za zamani, unga wa njugu fulani za msituni, na nafaka ndogondogo za jamii ya uwele. Mama akasema basi na wao wamehamia kwenye mahindi kama sisi, maana kwa Wagogo ugali wenyewe ni wa uwele na mtama, haya mahindi yamekuja. Mke wangu akaniangalia tu. Kwa hiyo mkuu kama ipo kwenye menyu waagizie wazee polenta, tena usiwaambie kwanza.

Tambi ndo zilileta ubishi kidogo. Tulichukua tagliatelle za ragù, zile bapa, na mchuzi wa nyama ya kusaga uliochemka muda mrefu, ndo mapishi ya Bologna, kule hawatumii spageti kwa mchuzi huo. Mchuzi mama aliusifu, akafuta sahani kwa mkate mpaka ikawa nyeupe, na hilo wala si kosa, Waitaliano nao wanafanya na wana jina lake, scarpetta. Ila tambi zenyewe akasema hazijaiva. Wao wanaziacha na ugumu kidogo katikati, wanaita al dente, unaisikia kwenye jino. Kwa mtu mwenye meno yake poa, kwa mzee ni kazi. Tukaomba zirudi jikoni, hakuna aliyenuna.

Kuna jambo sitaki ulipite kama kuna Muislamu kwenye msafara wenu, au mtu yeyote asiyekula kitimoto. Miaka kadhaa nyuma, hoteli nyingine kabisa, nilikuwa na rafiki yangu wa Kondoa, swala tano, tukauliza hii pizza ina nyama gani, mhudumu akasema ng'ombe bila hata kwenda kuuliza, jamaa amekula vipande viwili ndo mpishi anapita anasema ile ni salami ya nguruwe. Nilimuona rafiki yangu anavyotoka nje. Hakunigombeza mimi lakini ni miaka hiyo yote na bado linanikaa, maana mimi ndo nilimualika. Kwa hiyo majina haya yashike: prosciutto, pancetta, guanciale, mortadella, yote ni nguruwe, na salami mara nyingi ni nguruwe. Bresaola ndo ng'ombe. Carbonara ya Kirumi asili yake ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na hiyo guanciale. Pombe nayo inajificha, risotto nyingi zinamwagiwa mvinyo wakati wa kupika, na tiramisu, kile kitamu cha kahawa na jibini laini ya mascarpone, wengi wanatia marsala au ramu. Usiridhike na "hamna shida kaka", mwambie mhudumu akamuulize mpishi arudi na jibu. Sisi tiramisu tuliuliza kwa sababu mama hanywi kabisa, dada akaenda akarudi akasema ya leo haina, ndo mama akaila.

Kinywaji mimi nilichukua glasi moja. Menyu ilianza na mvinyo wa nje, bei imechangamka, nikauliza wa hapa hapa upo? Upo. Mtu yuko Dodoma, zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka kule Hombolo na Mpunguzi na Bihawana, kituo cha utafiti kipo Makutupora, alafu anywe wa kusafirishwa, mi siwezi. Na zabibu zenyewe zimeletwa huku na wamisionari Wakatoliki, na mapadri Waitaliano wamekaa Dodoma miaka mingi, kwa hiyo chupa ya Dodoma kwenye meza ya Kiitaliano iko nyumbani kabisa. Mama alikunywa chai ya tangawizi.

Bili sasa. Bruschetta 12,000, margherita 24,000, tagliatelle 28,000, polenta 26,000, tiramisu moja yenye vijiko vinne 14,000, maji makubwa mawili 8,000, mvinyo 12,000, chai 6,000. Jumla 130,000 kwa watu wanne na tulishiba. Hiyo ni ya mwaka jana na kila hoteli ina yake, na ulize kama bei za kwenye menyu zina VAT ndani au wanaongeza asilimia 18 mwishoni, maana kuna sehemu utashangazwa. Bili omba uletewe wewe pembeni, mama akiona namba atahesabu ni magunia mangapi ya uwele na raha yote itaisha. Dada nilimpa yake mkononi.

Siku ya kwenda, kama unaweza kwepa kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni hoteli zinajaa na wahudumu hawana muda wa kuongea na mzee wako. Jumapili mchana baada ya ibada ndo pazuri. Usiku wa Juni na Julai, na ule upepo wetu, kama mtakaa nje beba shuka la mama.

Na zile tambi, ukiagiza tu waambie ni za wazee, waziongezee dakika tatu kwenye maji.